Mlango wa Fundichuma

Kitabu chenyewe ni chepesi: kurasa ishirini na nne,
jalada gumu, na pembeni duara la dhahabu
lililobandikwa Nairobi baada ya makofi.
*Fundichuma Hana Nyundo.* Maneno yangu,
picha za Muhonja wa Chavakali.
Nimekileta Ahero asubuhi,
viatu vimebeba tope la mifereji ya mpunga.
Gredi ya pili, watoto hamsini na watatu,
nakala moja.

Mwalimu Randiga anawakalisha sakafuni.
Nasoma, nao wanakidaka kina kabla sijakifikia,
kama mtu adakavyo kikombe kikidondoka mezani:

    Fundichuma hana nyundo, hana kamba, hana shoka,
    afunga fundo kwa fundo nyasi zilizokauka.

"Kauka!" wanapaza,
hata yule aliyekuwa akitafuna kola ya shati.
Nafungua kurasa mbili za katikati,
zile ambazo waamuzi walizisifu kwa sentensi ndefu:
kiota kinene kama tangi la maji mgungani,
na juu yake mwezi wa rangi ya samli.

    Mlango wake u juu, mwezi upate ingia,
    nyumba kama ya mkuu, nyota zamchungulia.

Kimya.
Si kile kimya cha kupendezwa.
Nyasuna, jino la mbele hana,
anainua mkono, anauteremsha, anauinua tena.
"Mwalimu, huyo ndege atalowa."
"Atalowa vipi?"
"Mlango wake uko chini. Anaye mmoja nyuma ya choo,
twende uone. Ameweka hadi soksi ya Abuto."
Abuto anathibitisha: ya kijani, ya mguu wa kushoto.

Nilijua. Hilo ndilo linalonichoma.
Nimekulia Kibos, chini ya kiota kama hicho,
nikimtazama ndege akija kasi kutoka chini
na kumezwa na nyumba yake mwenyewe.
Lakini nilikuwa na "juu" mkononi, na "mkuu",
saa nane za usiku, taa inapepesa,
na kina kikikaa sawasawa hulewesha.
Muhonja aliniuliza mara mbili: una hakika?
Wewe chora tu, nilimjibu.
Akauchora uongo wangu
kwa uzuri uliotupatia tuzo.

Nakifunga kitabu nusu, nitafute namna ya kuomba radhi.
"Lete," anasema Nyasuna.
Anakishika kwa ncha za vidole, anakipindua,
kichwa chini miguu juu,
na mlango sasa unatazama ardhi.
"Na mwezi je?" namuuliza.
"Si uko kwenye maji ya mpunga,"
ananijibu, kama anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni.

Sasa "chini" inadai mwenzake.
Wanarusha: sahani! jirani!
Mmoja anasema ugali, anazomewa hadi anacheka mwenyewe.
Abuto anauliza polepole, "Lini?"
Alikuwa anauliza habari za uji, nadhani,
lakini neno lilishatua, hatukuliachia.

    Mlango wake u chini, mvua yampitia,
    nyoka auliza: "Lini na mimi nitaingia?"

Nikaazima penseli ya Randiga,
nikaandika hapo hapo, juu ya nyota, kinyumenyume.
Jioni nikampigia Muhonja: toleo la pili,
picha usiiguse, igeuze tu.
Akacheka mpaka simu ikakwaruza.
"Nilikuuliza," akasema. Kisha: "Kwenye maji? Mtoto kasema hivyo?"
Akanyamaza kitambo.

Lakini hayo yalikuwa baadaye.
Mchana ule, nikiaga, nakala nikiwaachia,
Abuto alikuwa ameshaona
kwamba duara la dhahabu limeinuka ukingo mmoja.
Akataka kujua kama fundichuma angelipenda,
maana huchukua vitu vinavyong'aa,
na soksi yake haikung'aa hata kidogo.

Nikalibandua.
Tukaenda nyuma ya choo.